Abebe Bikila: kazi iliyotangulia mbio za pekupeku

Kama wewe ni mmoja wa wanaoamka alfajiri kukimbia kandokando ya barabara ya Rumonge pale Ruziba, Mrundi au Mkongomani, mwenye raba au mwenye kandambili, huenda umewahi kusikia habari za Mwethiopia aliyeshinda Olimpiki bila viatu. Jina lake Abebe Bikila. Habari hiyo ni ya kweli, ila mara nyingi husimuliwa nusu. Watu husema alitoka kijijini, akavua viatu, akawashinda wakimbiaji wa dunia nzima. Ukiisikia hivyo unaweza kudhani siri ilikuwa nyayo zake, au damu yake, au bahati. Halafu unavua raba zako, unakimbia kwa nguvu zote wiki mbili, kifundo cha mguu kinavimba, na mambo yanaishia hapo.

Nusu ya pili ya habari hiyo ndiyo yenye faida kwako. Ni miaka ya kazi iliyotangulia ile jioni moja ya Roma, na yaliyompata baadaye. Tutaisimulia kwa mpangilio wake, na njiani tutasimama kidogo kuangalia ni kipi unaweza kukichukua hata kama huna kocha wala uwanja.

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, jimbo la Shewa, Ethiopia. Siku hiyohiyo, mbali kabisa, huko Los Angeles, ilikuwa inakimbiwa marathoni ya Olimpiki. Bikila ni jina la baba yake. Waethiopia hawana jina la ukoo kama wengine. Mtoto hubeba jina lake kisha la baba. Kwa hiyo sisi pia tutamwita Abebe.

Alipokuwa mtoto mdogo, jeshi la Italia la Mussolini liliivamia nchi yao. Vita vilianza mwaka 1935, na familia ya Abebe ikalazimika kuondoka kwao na kuhamia sehemu ya mbali zaidi. Wazazi wake walikuwa wameachana, mama akaolewa na mume mwingine. Baadaye familia ilirudi karibu na kwao ikaendelea kulima. Kwa lugha ya mashirika ya leo wangeitwa wakimbizi wa ndani, maana hawakuvuka mpaka. Katika Kiswahili mkimbizi na mkimbiaji wametoka kwenye neno moja, na Abebe alikuwa wa kwanza kabla ya kuwa wa pili. Kama wewe ulibebwa mgongoni kutoka Uvira au Fizi, au kama wewe ni Mrundi uliyekulia Nyarugusu kisha ukarudi, huhitaji kuelezwa zaidi.

Utoto wake ulikuwa wa mifugo na wa mchezo wanaouita gena. Ni mpira wa fimbo, unaofanana na magongo, ambapo magoli yanaweza kuwa mbali sana, wakati mwingine kilomita kadhaa. Mtoto anayecheza gena anakimbia mchana kutwa bila kujua kwamba anafanya mazoezi. Na mahali penyewe ni nyanda za juu, ambako hewa ni nyepesi na mwili unajifunza kutumia pumzi vizuri. Huu ndio msingi ambao wakimbiaji wengi wa Afrika Mashariki wanao kabla hawajaonana na kocha: miaka mingi ya kutembea na kukimbia polepole. Wewe uliyechota maji mbali au kwenda shule kwa miguu una sehemu ya msingi huo tayari, hata kama hujawahi kuuita mazoezi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Abebe alifika Addis Ababa na kuingia katika jeshi la Walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Alikuwa askari wa kawaida, mwenye mshahara mdogo. Katikati ya miaka hiyo alikuwa akikimbia kutoka vilima vya Sululta hadi Addis Ababa, kilomita 20, kisha kurudi. Ni safari ya kazini, siyo mashindano. Addis Ababa iko juu ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na Sululta iko juu zaidi. Hesabu mwenyewe: siku baada ya siku, mwezi baada ya mwezi, kabla hajajulikana na mtu.

Aliyemwona ni Onni Niskanen, Mswedi mwenye asili ya Ufini, aliyekuwa ameajiriwa Ethiopia kuwafunza askari mazoezi ya mwili. Niskanen hakumkuta bingwa. Mwaka 1956, katika mashindano ya majeshi, Abebe alikuwa wa pili nyuma ya Wami Biratu, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa nyota wa mbio ndefu nchini. Kazi ya kocha ilikuwa kuchukua mtu mwenye pumzi kubwa na kumpa mpango: siku za mbio ndefu za taratibu, siku za vipande vifupi vya kasi, vilima, na saa mkononi kupima kila kitu. Julai 1960 Abebe alikimbia marathoni yake ya kwanza pale Addis Ababa akashinda. Mwezi uliofuata akakimbia nyingine kwa saa 2, dakika 21 na sekunde 23. Muda huo ulikuwa mzuri kuliko rekodi ya Olimpiki iliyowekwa na Emil Zátopek huko Helsinki mwaka 1952, tena ulikimbiwa juu mlimani. Ulaya hakuna aliyeutilia maanani.

Tusimame hapa kidogo, maana hapa ndipo vijana wengi wanapokosea. Wanadhani kukimbia haraka kunafunzwa kwa kukimbia haraka kila siku. Sivyo. Sehemu kubwa ya mbio zako kwa wiki inatakiwa iwe ya mwendo ambao unaweza kuongea na mwenzako sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukishindwa kuongea, punguza. Mwendo huo ndio unaojenga moyo na mishipa ya damu, na unaiacha misuli na kano zikue pole pole bila kuchanika. Kasi inawekwa juu ya msingi huo, mara moja au mbili kwa wiki, siyo zaidi.

Kwa mtu wa Ruziba jambo hili linawezekana. Upande wa ziwa una tambarare ya Imbo, ardhi sawa, nzuri kwa mbio ndefu na kwa vipande vya kasi. Upande wa mashariki vilima vya Mumirwa vinaanza kupanda karibu kabisa na nyumba za watu. Chagua mteremko usio mkali sana. Panda kwa nguvu kiasi cha nusu dakika, shuka ukitembea mpaka pumzi irudi, kisha panda tena. Anza na mara nne. Baada ya wiki kadhaa fika nane. Kilima kinakufundisha kunyanyua goti na kusukuma kwa mguu wa nyuma bila mtu kukuelekeza, na hakigongi miguu kama lami. Siku inayofuata kimbia taratibu au pumzika kabisa.

Usisahau kwamba Bujumbura si Addis Ababa. Kando ya Tanganyika uko kwenye mita 780 hivi, na joto ni kubwa mwaka mzima. Ukimuiga Abebe kwa kukimbia kilomita 40 kwa siku chini ya jua la saa sita, utazirai. Kimbia kabla jua halijachomoza vizuri, kunywa maji kabla na baada, na siku ya joto kali ukubali kuwa mwendo wako utashuka. Na barabara ya Rumonge ina malori: kimbia ukiyatazama magari yanayokuja, usiyape mgongo, na usizibe masikio yote mawili kwa muziki.

Turudi kwa Abebe. Katika timu ya Ethiopia iliyokwenda Roma mwaka 1960, Wami Biratu ndiye aliyetarajiwa zaidi, lakini hakukimbia, na Abebe akawa mmoja wa wawili waliokimbia marathoni. Mwingine alikuwa Abebe Wakgira. Kuhusu viatu, hadithi yenyewe ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Viatu vyake vya zamani vilikuwa vimechakaa. Alijaribu vipya, havikumkaa vizuri, vikamtoa malengelenge. Yeye na Niskanen wakaamua akimbie pekupeku, kama alivyokwisha kufanya mara nyingi mazoezini. Hakukuwa na siri ya kichawi. Ilikuwa hesabu ya kawaida: kiatu kinachokuumiza ni kibaya kuliko kutokuwa na kiatu, kama nyayo zimezoea.

Neno kubwa hapo ni kuzoea. Nyayo za Abebe zilizoea kwa zaidi ya miaka ishirini. Kama umevaa viatu tangu utoto, ukivua leo na kukimbia kilomita 10 utaumiza kano ya kisigino au mifupa midogo ya unyayo. Ukitaka kujaribu, anza na dakika tano kwenye majani au mchanga wa ziwani mwishoni mwa mbio zako, mara mbili kwa wiki, na uongeze pole pole. Mitaani kuna vioo na misumari. Ukichomwa, osha kidonda kwa maji safi na sabuni na uende kituo cha afya kuulizia chanjo ya pepopunda. Kandambili hazifai kabisa kukimbilia, maana vidole vinajikunja kuzishika na mwendo wote unaharibika. Afadhali raba za mtumba zinazokukaa vizuri, hata kama zimepauka rangi.

Mbio za Roma zilikuwa tarehe 10 Septemba 1960. Zilianza karibu saa kumi na moja na nusu jioni ili kukwepa joto. Hazikuanzia wala kumalizikia uwanjani. Zilianza kwenye kilima cha Campidoglio na kumalizikia kwenye Tao la Konstantino. Giza liliingia wakimbiaji wakiwa njiani, na askari walisimama kandokando ya Barabara ya Apia ya kale wakishika mienge kuwamulikia.

Niskanen alikuwa amemwambia Abebe nani wa kumwogopa: Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko, ambaye angevaa namba 26. Lakini siku ile Rhadi alikuja na namba 185. Abebe akakimbia kilomita nyingi ubavuni mwa mtu mwenye 185, huku akitafuta namba 26 iliyo mbele ambayo haikuwepo. Wawili hao walijitenga na kundi na kubaki peke yao gizani. Utaona faida ya mazoezi yaliyopangwa: taarifa zilikuwa na kosa, lakini mwendo wake haukuvurugika, kwa sababu mwili wake ulijua ni mwendo gani unaweza kuushika hadi mwisho.

Walikuwa wameikagua njia mapema. Si mbali na mwisho ilisimama nguzo ndefu ya mawe ya Aksum, ambayo majeshi ya Mussolini waliichukua Ethiopia na kuisimamisha Roma mwaka 1937. (Ilirudishwa kwao mwaka 2005.) Wakakubaliana kwamba eneo lile ndilo alama ya kuanza kujiandaa kwa kasi ya mwisho. Mtoto ambaye familia yake ilikimbia jeshi hilo alipita mbele ya nguzo ile akiwa anaongoza marathoni katika mji mkuu wa Italia. Hatuhitaji kuongeza chumvi hapo. Katika kipande cha mwisho alimwacha Rhadi, akamaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, sekunde 25 mbele yake. Ulikuwa muda bora kuliko wote uliowahi kukimbiwa duniani, kwa tofauti ya chini ya sekunde moja. Wakgira alikuwa wa 7. Abebe akawa Mwafrika Mweusi wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki.

Ujue maana ya muda ule. Ni kilomita moja kwa dakika 3 na sekunde 12, kisha nyingine, mara 42. Ukipata uwanja wa mita 400, ni mzunguko mmoja kwa sekunde 77 hivi, mara 105. Jaribu mzunguko mmoja kwa kasi hiyo, utamheshimu zaidi kuliko kwa kusikiliza hadithi ya viatu.

Nyumbani alipokewa kwa shangwe, akapandishwa cheo na kupewa nishani na mfalme. Lakini miezi mitatu baadaye, Desemba 1960, viongozi wa Walinzi wa Mfalme walijaribu kupindua serikali mfalme akiwa safarini Brazil. Jaribio lilishindwa. Abebe alikuwa askari wa kikosi hichohicho, akakamatwa na kuhojiwa, kisha akaachiliwa. Medali haikumzuia kukamatwa.

Mwaka 1961 alishinda marathoni Athens, Osaka na Košice. Mwaka 1963 alikwenda Boston. Yeye na Mwethiopia mwenzake Mamo Wolde walianza kwa kasi kubwa mno, na Abebe akamaliza wa 5. Ndiyo mara pekee aliyomaliza marathoni ya kimataifa bila kushinda. Hata bingwa wa Olimpiki akitoka mbio mno mwanzoni, kilomita za mwisho zinamdai. Wewe ukikimbia mbio za kilomita 10, kilomita mbili za kwanza zikionekana rahisi mno, hapo ndipo uko sawa.

Wiki kadhaa kabla ya Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964 alishikwa na kidole tumbo, akafanyiwa upasuaji mwezi Septemba. Marathoni ilikuwa tarehe 21 Oktoba. Wengi waliona ameshakwisha. Alisimama kwenye mstari akiwa amevaa viatu na soksi. Ron Clarke wa Australia aliongoza kwa kasi mwanzoni. Abebe akamfuata kwa utulivu, na baada ya nusu ya njia alikuwa peke yake. Alimaliza kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, rekodi mpya ya dunia, zaidi ya dakika nne mbele ya Basil Heatley wa Uingereza na Kokichi Tsuburaya wa Japani. Kisha akaanza kunyoosha viungo pale kwenye majani ya uwanja, kama mtu aliyetoka mazoezini. Hakuna aliyewahi kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili kabla yake.

Kwa hiyo, ukimsikia mtu anasema siri ilikuwa miguu mitupu, mkumbushe Tokyo. Akiwa na viatu alikimbia dakika tatu haraka kuliko akiwa pekupeku.

Siri, kama tutaiita hivyo, inaonekana kwenye filamu. Kon Ichikawa wa Japani alitengeneza filamu ndefu juu ya Olimpiki ile, na kuna sehemu kubwa inayomfuata Abebe kwa karibu. Ukipata simu na megabaiti za kutosha, mwangalie. Kichwa chake karibu hakitikisiki. Uso umetulia, taya halijakazwa. Mabega yako chini, hayajapanda masikioni. Mikono inakwenda mbele na nyuma bila kuvuka kifua sana. Mwili umesimama wima, na miguu inashuka chini yake, haitupwi mbele.

Hilo la mwisho ndilo gumu kwa wengi. Mtu akitaka kwenda kasi hurefusha hatua, unyayo unatua mbali mbele ya goti, na kisigino kinapiga ardhi kama breki. Kila hatua unajizuia mwenyewe, na pigo linapanda hadi gotini na nyongani. Dawa yake ni kufupisha hatua kidogo na kuziongeza idadi. Hesabu hatua za mguu wa kulia kwa dakika moja. Ukipata 75 au chini ya hapo wakati unakimbia kwa kasi ya kawaida, jaribu kuzifikisha 80 hadi 85 bila kuongeza mwendo, ukihisi unyayo unatua laini chini ya nyonga. Usilazimishe kukimbilia vidole. Uache mguu utue unavyotua, mradi usiwe mbele sana. Mwambie mwenzako akurekodi kwa simu kutoka ubavuni, sekunde kumi tu. Utajiona na utashangaa.

Njia nyingine rahisi ya kujifunza umbo hilo: baada ya mbio za taratibu, kimbia mita 80 au 100 mara nne hadi sita, kwa kasi nzuri lakini bila kukaza mwili, ukitembea kurudi kila mara. Hapo fikiria jambo moja tu kila kipande. Kipande hiki mabega, kijacho mikono, kinachofuata miguu. Ukifikiria yote kwa pamoja utajikwaa.

Kama uko kambini, Kavumu au Bwagiriza au kwingineko, na ruhusa ya kutoka haipatikani kirahisi, usiache. Tafuta mzunguko ndani ya kambi wa mita 500 au 600, upime kwa hatua, uzunguke. Inachosha akili kuliko miguu, lakini inakupa kitu ambacho barabara haikupi: unajua muda wa kila mzunguko. Dada zetu wengi hawako huru kukimbia peke yao alfajiri. Wakikimbia watatu au wanne pamoja, ndani ya kambi au uwanjani kwa shule, mambo ni tofauti. Na kama chakula kimepunguzwa mwezi huo, punguza mazoezi pia. Mwili usiokula vya kutosha haujengeki kwa kukimbizwa, unajila wenyewe.

Mwisho wa mbio za Abebe ulianza na maumivu aliyoyabeba. Mwaka 1967 aliumia mguu katika mbio za Hispania. Mwaka 1968 alikwenda Olimpiki ya Mexico akiwa na mfupa wa mguu wa kushoto ulioingia ufa, akasimama karibu na kilomita ya 17. Mamo Wolde akaendelea na kushinda, dhahabu ya tatu mfululizo ya Ethiopia.

Katika mbio hizohizo alikuwepo Mtanzania John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti, akafungwa bendeji na kuchechemea hadi uwanjani, wa mwisho kati ya waliomaliza, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo. Afrika Mashariki yote inamsifu Akhwari, na anastahili. Lakini kwa mazoezi ya kila siku tunakushauri uwe kama Abebe siku ile. Maumivu ya misuli yanayoenea na kupungua ukipasha mwili joto ni ya kawaida. Maumivu ya sehemu moja, yanayochoma kwenye mfupa ukiugusa kwa kidole, na yanayozidi kila unapokimbia, ni mfupa unaolalamika. Simama. Pumzika wiki kadhaa, siyo siku mbili. Mfupa ulioingia ufa ukipumzishwa mapema hupona, ukilazimishwa huvunjika.

Usiku wa tarehe 22 Machi 1969 Abebe alikuwa akiendesha gari lake dogo la Volkswagen. Likapinduka. Alikaa amenaswa ndani hadi asubuhi alipoonekana na kutolewa. Uti wa mgongo ulikuwa umeumia. Alipelekwa hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, iliyojulikana kwa kutibu majeraha ya aina hiyo, akakaa huko miezi minane. Mikono ilipata nguvu tena. Miguu haikurudi.

Mwaka 1970, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, alishiriki michezo ya walemavu ya Stoke Mandeville, katika kulenga shabaha kwa upinde na katika mpira wa meza. Mwaka 1971 alialikwa Norwei, nchi ya theluji, akashinda mbio za gari la theluji linalovutwa na mbwa. Mtu wa Shewa! Mwaka 1972 alikuwa mgeni wa heshima kwenye Olimpiki ya Munich, na uwanja mzima ukasimama kumshangilia. Kama nyumbani kwenu kuna mtu aliyepoteza miguu kwa vita au ajali, msomee kipande hiki.

Wengine mnakimbia mkitumaini mbio zitawatoa hapa mlipo. Hatutaki kuwadanganya. Imewahi kutokea: mwaka 2016 huko Rio timu ya kwanza ya wakimbizi ya Olimpiki ilikuwa na watu 10, wakiwemo Wakongomani wawili wa judo, Popole Misenga na Yolande Mabika, na Mwethiopia mmoja, Yonas Kinde, aliyekimbia marathoni kwa saa 2, dakika 24 na sekunde 8. Kumi kwa mamilioni ya wakimbizi. Burundi nayo ina historia yake: Vénuste Niyongabo alishinda dhahabu ya mita 5,000 huko Atlanta mwaka 1996, wakati nchi iko vitani, baada ya kumwachia Dieudonné Kwizera nafasi yake ya mita 1,500. Kimbia kwa afya, kwa usingizi mzuri, kwa kuwa na wenzako wa asubuhi kutoka pande zote mbili, wenyeji na wageni. Shule au ufundi usiuache kwa ajili ya mbio. Abebe mwenyewe alibaki askari mwenye mshahara hadi mwisho.

Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973 kwa kuvuja damu kwenye ubongo, akiwa na miaka 41. Aliacha mke, Yewebdar, na watoto wanne. Maelfu kwa maelfu ya watu walimsindikiza hadi kaburini Addis Ababa, Mfalme Haile Selassie akiwa miongoni mwao. Mwaka uliofuata mfalme naye aliondolewa madarakani. Kuna uwanja wa michezo Addis Ababa unaoitwa kwa jina la Abebe Bikila hadi leo.